Kupima Umbali wa Kimaana kati ya Dhana: Mwongozo kwa Mfano wa Kihamba cha Kilimanjaro

Mtandao wa maarifa ni mpangilio ambamo kila dhana huwekwa kuwa fundo, na mafundo hayo huunganishwa kwa viungo vyenye majina, ili ifahamike kwamba dhana mbili zinahusiana na pia kwamba zinahusiana kwa namna gani. Umbali wa kimaana ni namba inayokadiria jinsi dhana moja ilivyo karibu au mbali na nyingine ndani ya mpangilio huo. Mkutubi anayetaka msomaji aliyetafuta "samadi" aonyeshwe pia maandiko yanayohusu mbolea, mtunzi wa kamusi anayeamua vidahizo vipi virejeleane, afisa ugani anayepanga maelezo ya wakulima katika hifadhidata, na mtengenezaji wa programu ya kujibu maswali kwa Kiswahili, wote hao wanauhitaji umbali huu, hata kama hawauiti kwa jina hilo.

Vipimo vyenyewe ni vingi na fomula zake si ngumu. Ugumu uko kabla ya fomula, katika kuamua ni uhusiano wa aina gani unaohesabiwa, kwa sababu dhana zile zile zinaweza kuwa majirani katika mtandao mmoja na kuwa mbali kabisa katika mwingine, bila mtandao wowote kati ya hiyo miwili kuwa na kasoro. Mwongozo huu unafuata hatua za kazi hiyo kwa mfano mmoja unaotosha kuzionyesha zote, nao ni kihamba, shamba la nyumbani la Wachaga katika miteremko ya Kilimanjaro, lililoenea hasa kati ya mita 1,000 na 1,800 juu ya usawa wa bahari. Humo miti ya kivuli, migomba, mibuni, magimbi na maharage hukua kwa tabaka, ng'ombe na mbuzi hufugwa bandani, na maji huletwa kwa mifongo, yaani mifereji ya asili inayochepusha maji ya mito inayoshuka kutoka msituni. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp ameorodhesha zaidi ya spishi 500 za mimea katika mashamba hayo, na mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu, juu ya mji wa Moshi, kuwa miongoni mwa mifumo ya urithi wa kilimo yenye umuhimu wa dunia. Eneo dogo lenye mambo mengi yanayotegemeana kiasi hicho ni uwanja mzuri wa kujifunzia upimaji.

Kuchagua dhana na viungo

Kazi inaanza kwa orodha ya dhana, na kwa anayejifunza dhana 40 hivi zinatosha. Dhana isichanganywe na neno. Neno "kahawa" hutumika kwa mti, kwa punje na kwa kinywaji, na mtandao unaoyaacha yote matatu katika fundo moja utatoa njia za mkato zisizokuwapo, kwa mfano kutoka kwenye mti wa kivuli hadi kwenye kikombe kwa hatua mbili. Kwa hiyo mbuni ambao ni mti, buni ambayo ni punje, na kahawa inayonywewa viwekwe mbalimbali, kama vile mgomba unavyotengwa na ndizi. Kinyume chake pia ni kweli: mti mmoja unaweza kuitwa kwa majina tofauti Machame, Kibosho, Marangu na Rombo, na majina hayo yote yaandikwe chini ya fundo moja, la sivyo mti mmoja utahesabiwa kuwa minne.

Baada ya dhana huja viungo, na hapa ndipo mpimaji anapotakiwa kutumia muda mwingi kuliko penginepo. Kiungo kikuu katika mitandao mingi ni kile cha "ni aina ya": mchare ni aina ya mgomba, mgomba ni aina ya mmea wa mazao, mmea wa mazao ni aina ya mmea. Viungo hivi hujenga mti wa uainishaji, wenye dhana pana juu na dhana finyu chini. Lakini maisha ya kihamba hayaendeshwi na uainishaji peke yake. Majani na vigogo vya migomba hulisha ng'ombe, samadi ya ng'ombe hurutubisha migomba, mringaringa na mfuruanje huupa mbuni kivuli, ndizi mbivu na kimea cha ulezi hutengenezwa pombe ya mbege, na gome la msesewe huipa mbege ukali wake. Hivi vyote ni viungo halali, na kila kimoja kipewe jina lake: "hulisha", "hurutubisha", "hutoa kivuli kwa", "hutengenezwa kwa", "ni sehemu ya", "ni alama ya", "hurithishwa kwa".

Kuna jedwali la kimataifa linaloweza kuwa msingi wa kuanzia, nalo ni AGROVOC, thesaurasi ya istilahi za kilimo iliyoanzishwa na FAO mwanzoni mwa miaka ya 1980, yenye makumi ya maelfu ya dhana katika lugha nyingi, Kiswahili kikiwa mojawapo. Humo uhusiano hugawanywa hasa katika makundi matatu, yaani dhana pana zaidi, dhana finyu zaidi, na dhana husishi. Kundi hili la tatu ni kapu kubwa mno kwa kazi ya kupima, kwa kuwa linaweka pamoja uhusiano wa chakula na mla, wa chombo na kazi yake, na wa ugonjwa na mmea, kana kwamba vyote vina uzito mmoja. Anayeazima sehemu ya jedwali kama hilo alivunjevunje kapu hilo la dhana husishi kabla ya kuhesabu chochote.

Kuhesabu hatua katika mti wa uainishaji

Njia kongwe na nyepesi kuliko zote ni kuhesabu viungo vilivyo katika njia fupi zaidi kati ya mafundo mawili. Mwaka 1989 Roy Rada na wenzake waliitumia katika istilahi za tiba za Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, wakaonyesha kwamba hesabu sahili ya hatua inaweza kukaribiana na maamuzi ya wataalamu, mradi viungo vinavyohesabiwa ni vya uainishaji.

Mfano ufuatao unaweza kuchorwa kwenye karatasi moja. Fundo la juu kabisa ni "dhana ya kihambani", lenye kina cha 1. Chini yake, katika kina cha 2, kuna "kiumbe hai", "chakula na kinywaji" na "jambo la kijamii". Chini ya kiumbe hai kuna "mmea" na "mnyama wa kufugwa" katika kina cha 3. Mmea una "mmea wa mazao", "mti wa kivuli" na "mmea wa mpaka" katika kina cha 4. Mgomba na mbuni ziko chini ya mmea wa mazao katika kina cha 5, na mchare na kisukari, ambazo ni aina mbili za migomba, ziko katika kina cha 6. Ng'ombe yuko chini ya mnyama wa kufugwa katika kina cha 4. Mbege iko chini ya "kinywaji", nayo ina kina cha 4.

Kutoka mchare hadi kisukari ni hatua 2, kwa maana hatua moja hupanda hadi mgomba na ya pili hushuka. Kutoka mgomba hadi mbuni ni hatua 2 vilevile. Kutoka mgomba hadi ng'ombe ni hatua 5, na kutoka mgomba hadi mbege ni hatua 7, kwa sababu njia yao lazima ipande hadi kileleni kabisa na kushuka upande wa pili. Anayezijua barabara za mlimani ataelewa mara moja kinachotokea hapa: vijiji viwili vinavyotazamana juu ya korongo moja vinaweza kuwa mbali sana kwa gari, kwa kuwa gari hulazimika kushuka hadi barabara kuu na kupanda tena, ilhali watu wa vijiji hivyo hupita kwenye kijia na kusalimiana kila siku. Mti wa uainishaji una barabara kuu tu.

Hesabu ya hatua ina kasoro nyingine inayojitokeza hata pale uainishaji unapokuwa ndio unaotakiwa. Mchare na kisukari ziko umbali wa hatua 2, na "mmea" na "mnyama wa kufugwa" pia ziko umbali wa hatua 2, ingawa hakuna mkulima atakayekubali kwamba tofauti ya migomba miwili ni sawa na tofauti ya mmea na mnyama. Hatua za juu ya mti ni ndefu kuliko za chini. Zhibiao Wu na Martha Palmer walipendekeza mwaka 1994 kipimo kinachozingatia kina: hutafutwa mzazi wa pamoja aliye karibu zaidi na dhana zote mbili, kina chake huzidishwa kwa 2, kisha hugawanywa kwa jumla ya vina vya dhana zenyewe. Jibu likikaribia 1 dhana zinafanana sana, likikaribia 0 hazifanani.

Kwa mchare na kisukari, mzazi wa pamoja ni mgomba wenye kina cha 5, kwa hiyo 10 hugawanywa kwa 12 na kupatikana 0.83. Kwa mgomba na mbuni ni 8 kwa 10, yaani 0.80. Kwa mmea na mnyama wa kufugwa ni 4 kwa 6, yaani 0.67, na sasa ile tofauti iliyofichwa na hesabu ya hatua imeonekana. Kwa mgomba na ng'ombe ni 4 kwa 9, yaani 0.44, na kwa mgomba na mbege ni 2 kwa 9, yaani 0.22. Ikumbukwe kwamba namba hizi zinapima mfanano, si umbali. Anayetaka umbali atoe namba hiyo katika 1.

Uzito wa taarifa

Kina hutegemea subira ya aliyechora mti. Mtaalamu wa migomba ataweka ngazi tatu kati ya "mmea" na "mgomba", na mtaalamu wa mifugo ataweka moja, kisha kipimo kitadhani kwamba tofauti hiyo iko katika dhana zenyewe. Philip Resnik alitoa mwaka 1995 njia ya kupunguza utegemezi huo kwa kuongeza matini: dhana inayotajwa mara chache hubeba taarifa nyingi, na dhana pana inayotajwa kila mara hubeba taarifa kidogo. Uzito wa taarifa wa dhana hupatikana kwa kuchukua uwezekano wa dhana hiyo kutajwa, pamoja na dhana zote zilizo chini yake, na kutafuta logi yake iliyogeuzwa alama. Kwa kizio cha 2, logi hiyo inaonyesha ni mara ngapi jumla yote igawanywe nusu kwa nusu hadi kuifikia hesabu ya dhana husika.

Ichukuliwe, kwa ajili ya mfano tu, kwamba katika mkusanyiko fulani wa mahojiano dhana za kihambani zimetajwa mara 1,600 kwa jumla, na kwamba mmea pamoja na vilivyo chini yake umetajwa mara 800, mmea wa mazao 400, mgomba 200, mbuni 100 na isale, ambayo ni mmea wa mpaka, 50. Uzito wa taarifa utakuwa 1 kwa mmea, 2 kwa mmea wa mazao, 3 kwa mgomba, 4 kwa mbuni na 5 kwa isale. Kwa kipimo cha Dekang Lin cha mwaka 1998, uzito wa mzazi wa pamoja huzidishwa kwa 2 na kugawanywa kwa jumla ya uzito wa dhana mbili: mgomba na mbuni hupata 4 kwa 7, yaani 0.57, ilhali mgomba na isale, ambazo mzazi wao wa pamoja ni mmea, hupata 2 kwa 8, yaani 0.25. Jay Jiang na David Conrath walikuwa wametangulia mwaka 1997 kutumia namba hizo hizo kupata umbali moja kwa moja, kwa kutoa uzito wa mzazi mara mbili katika jumla ya uzito wa dhana mbili, na hapo mgomba na mbuni huwa mbali kwa 3, mgomba na isale kwa 6.

Njia hii ni nzuri, lakini inahamisha swali kutoka kwenye mti hadi kwenye matini. Matini ya Kiswahili yanayopatikana kwa urahisi katika kompyuta ni ya magazeti na taarifa za serikali, na humo kahawa ya Kilimanjaro huandamana na bei, mnada na ushirika, jambo lisiloshangaza kwa kuwa mji wa Moshi ni makao ya Bodi ya Kahawa Tanzania na ya KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanzishwa mwaka 1933. Mazungumzo ya mkulima wa Uru kuhusu mibuni yake huandamana na kivuli, kupogolea na magonjwa. Namba zitakazotoka katika matini ya kwanza hazifai kutumiwa kwa kazi inayohusu matini ya pili.

Tahadhari hiyo inahusu pia mbinu za sasa ambazo huliwakilisha kila neno kwa vekta, yaani safu ndefu ya namba zinazotokana na maneno yanayoandamana nalo, kisha hupima ukaribu kwa kosaini ya pembe kati ya vekta mbili. Mbinu hizi hazihitaji mti wowote, na hiyo ni nafuu kubwa. Kwa Kiswahili, hata hivyo, "mgomba", "migomba", "mgombani" na "migombani" vikiachwa kuwa maneno manne, ushahidi mdogo uliopo hugawanyika mara nne, kwa hiyo maneno yarudishwe kwanza kwenye mashina yake. Tena kosaini haisemi ni kwa nini maneno mawili yako karibu, na kwa anayejenga mtandao wa maarifa sababu hiyo ndiyo inayotafutwa.

Isale na msamaha

Hapa ndipo mfano wa kihamba unapodai kutazamwa kwa karibu. Isale ni mmea wa jamii ya drasena, wenye majani marefu ya kijani, unaopandwa mipakani mwa vihamba na mahali walipozikwa wazee wa ukoo. Mtu aliyemkosea ndugu au jirani yake na kutaka suluhu hupeleka jani la isale, mwenyewe au kwa mkono wa mshenga, na aliyekosewa akishalipokea huwa amefungwa na heshima ya jani hilo, hata hawezi kukataa kusikiliza. Kwa Mchaga aliyelelewa kihambani, isale na msamaha ni dhana zinazoitana papo hapo.

Mti wa uainishaji hauoni lolote kati ya hayo. Msamaha ukiwekwa chini ya jambo la kijamii, desturi na upatanisho, utakuwa na kina cha 5 sawa na isale, na mzazi wa pamoja atakuwa fundo la juu kabisa. Umbali utakuwa hatua 8, mbali kuliko jozi zote zilizotangulia, na kipimo cha Wu na Palmer kitatoa 0.20. Namba hiyo si kosa. Isale na msamaha hazifanani kwa lolote, kwa sababu moja ni mmea na nyingine ni tendo la moyo na la jamii. Alexander Budanitsky na Graeme Hirst waliueleza vizuri mwaka 2006 mpaka huu kati ya mfanano, ambao ni kushiriki aina, na uhusiano, ambao ni kuungana kwa njia yoyote ile yenye maana. Vitu vinavyofanana vina uhusiano, lakini vyenye uhusiano si lazima vifanane. Anayetaka kujua mmea gani unaweza kuchukua nafasi ya mwingine shambani anahitaji mfanano. Anayetaka mfumo wa maktaba umwelekeze mtafiti wa upatanisho kwenye maandiko ya mimea ya mpakani anahitaji uhusiano.

Kwa hiyo viungo vile vingine vilivyopewa majina virudishwe sasa kwenye mchoro. Isale "ni alama ya" msamaha, na umbali unashuka kutoka 8 hadi 1. Mgomba "huzaa" ndizi, na mbege "hutengenezwa kwa" ndizi, na 7 inakuwa 2. Mgomba "hulisha" ng'ombe, na 5 inakuwa 1.

Pamoja na faida hiyo huja hatari mpya. Katika kihamba karibu kila kitu hugusana na mgomba, kwa kuwa majani yake ni lishe, matandazo na vifungio, maganda yake makavu ni kamba, kivuli chake ni cha mbuni na matunda yake ni chakula na pombe. Fundo lenye viungo vingi namna hiyo hufupisha njia zote zinazolipitia, hata kamba na mtori, yaani supu nzito ya ndizi, zikaonekana kuwa karibu kwa hatua 3, kupitia mgomba na ndizi, ilhali hakuna anayezifikiria pamoja. Dawa iliyo rahisi ni kulitoza ushuru kila fundo la katikati kulingana na idadi ya viungo vyake, kwa mfano logi ya idadi hiyo kwa kizio cha 2. Mgomba ukiwa na viungo 16 utatoza 4, na ndizi ikiwa na viungo 8 itatoza 3, hivyo kutoka kamba hadi mtori kutagharimu hatua 3 na ushuru wa 7, jumla 10. Isale na msamaha, zisizopitia fundo lolote la katikati, zitabaki kwenye 1.

Mwelekeo nao una maana. Katika jiometri umbali wa kwenda ni sawa na wa kurudi, lakini akili ya binadamu haifuati sharti hilo. Amos Tversky alionyesha mwaka 1977 kwamba watu huiona Korea Kaskazini kuwa inafanana na China zaidi kuliko wanavyoiona China kuwa inafanana na Korea Kaskazini, kwa kuwa kitu kisicho maarufu hulinganishwa na kilicho maarufu. Mbege humkumbusha mtu ndizi kwa haraka kuliko ndizi inavyomkumbusha mbege. Ikiwa mtandao utatumika kupendekeza dhana inayofuata, viungo vipewe mishale na uzito tofauti kwa kila upande. Ikiwa utatumika kupanga makundi, wastani wa pande mbili unatosha.

Kukihukumu kipimo

Kipimo chochote, hata kiwe na fomula nzuri kiasi gani, ni dai tu mpaka kilinganishwe na maamuzi ya watu wanaozijua dhana. Utaratibu huo uliwekwa na Herbert Rubenstein na John Goodenough mwaka 1965, walipowapa watu 51 jozi 65 za maneno ya Kiingereza wazipangie alama kati ya 0 na 4. Miaka minne baadaye Allan Collins na Ross Quillian walipima muda wa watu kuthibitisha sentensi, wakakuta kwamba sentensi ya hatua nyingi zaidi katika mti wa dhana huchukua muda mrefu zaidi. Lakini mwaka 1973 Lance Rips na wenzake walionyesha kwamba watu huthibitisha kuwa mbwa ni mnyama upesi kuliko kuthibitisha kuwa mbwa ni mamalia, ingawa mamalia iko hatua moja karibu zaidi. Hiyo ndiyo sababu ya kutoiamini michoro bila kuwauliza watu.

Kwa mtandao wa kihamba, watu 20 hadi 30 wanatosha kwa kuanzia, mradi wachaguliwe kwa busara. Wanawake wanaopika mbege, wazee wanaosimamia zamu za maji ya mfongo, vijana waliohamia Moshi mjini na wataalamu wa kilimo hawatatoa alama zinazofanana, na tofauti zao ni sehemu ya matokeo. Kila jozi isomwe kwa sauti, na anayeulizwa aelezwe wazi kama anapima kufanana au kuhusiana, kwa maana swali likiachwa bila kubainishwa kila mmoja atajibu swali lake. Jozi chache zirudiwe siku nyingine kwa watu wale wale, ili ijulikane uthabiti wa majibu; hakuna kipimo kinachoweza kudaiwa kikubaliane na watu kuliko watu wenyewe wanavyokubaliana.

Ulinganisho hufanywa kwa kigawo cha Spearman, kinachotazama mpangilio wa jozi kutoka iliyo karibu hadi iliyo mbali. Tofauti ya nafasi za kila jozi huzidishwa kwa yenyewe, majibu hujumlishwa na kuzidishwa kwa 6, kisha hugawanywa kwa idadi ya jozi iliyozidishwa kwa mraba wake uliopunguzwa 1, na matokeo hutolewa katika 1. Tuseme waulizwaji wamepanga jozi tano kwa uhusiano hivi: isale na msamaha, mgomba na mbege, mchare na kisukari, mgomba na mbuni, mgomba na ng'ombe. Kipimo cha Wu na Palmer kiliipanga mchare na kisukari kuwa ya kwanza, mgomba na mbuni ya pili, mgomba na ng'ombe ya tatu, mgomba na mbege ya nne, isale na msamaha ya tano. Miraba ya tofauti ni 4, 4, 4, 4 na 16, jumla 32; mara 6 ni 192; ikigawanywa kwa 120 ni 1.6, na 1 kutoa 1.6 ni hasi 0.6. Kigawo hasi kinaonyesha kwamba kipimo kinakwenda kinyume na watu. Kwa jozi tano tu hitimisho lisitolewe, na kazi halisi inahitaji jozi 50 au zaidi, lakini hesabu hii ndogo inatosha kuonyesha jinsi kipimo sahihi cha mfanano kinavyopotosha kikitumiwa mahali pa uhusiano.

Mtandao uandikwe tarehe na mahali. Mibuni imeng'olewa katika vihamba vingi bei ya kahawa iliposhuka, parachichi na mboga zimeingia, na kijana aliyezaliwa mjini anaweza kuijua isale kama ua la bustani tu. Umbali uliopimwa Kibosho mwaka huu hauwi wa Rombo, wala hautakuwa wa Kibosho baada ya kizazi kimoja. Kwa hiyo anayechapisha namba zake achapishe pamoja nazo orodha ya viungo, ushuru aliotoza mafundo, maelezo ya aina ya matini aliyotumia, na alama za waulizwaji bila majina yao, ili mwingine aweze kuzipima upya.

Kazi yote iliyoelezwa hapa, kwa dhana 40, inafanyika kwa karatasi, penseli na kikokotoo cha simu. Kompyuta inahitajika dhana zinapofika mamia. Watu wa kihambani wanahitajika tangu ile ya kwanza.